Ufa Chini ya Ekseli: Kisa cha Hilux ya Mizigo Tabora

Gari lilikuja karakana kwetu kwa kesi ya sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke. Ni Hilux pikapu ya mama mmoja mfanyabiashara wa Tabora mjini, anayenunua mahindi na asali vijijini upande wa Sikonge na kuleta sokoni. Dereva alikuwa na maelezo yote: sili ya shafti ya nyuma kushoto inavuja, imebadilishwa, ikabadilishwa tena, na bado kila asubuhi anakuta doa la oili chini ya gari. Alichotaka ni sili nyingine, safari hii orijino.

Kabla ya kununua chochote tulifungua dramu ya breki. Kwenye Hilux ya aina hii shafti na beringi yake vinakaa kwenye ncha ya haozingi, yaani ganda la ekseli linalobeba shafti na difu (meno yanayogawa nguvu ya injini kwa tairi), na sili ikichoka oili huishia ndani ya dramu: breki shuu zinalowa na breki ya upande ule inakufa. Breki shuu za gari hili zilikuwa kavu kabisa, zina vumbi lake la kawaida. Oili ilikuwa kwingine, chini ya bomba la ekseli, kati ya kiti cha springi na tumbo la difu, imeshikana na vumbi jekundu mpaka imekuwa gamba nene. Sili mbili zilinunuliwa bure kwa sababu hakuna aliyekwangua lile gamba.

Tulilikwangua, tukapiga brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa. Kwa macho tu huoni kitu. Hapo inatumika mbinu ya zamani ambayo haihitaji kifaa chochote cha bei: unapaka mafuta ya taa, unasubiri yazame, unafuta mpaka chuma kikauke, kisha unapaka unga wa chaki au chokaa. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa yanarudi juu na kulowesha unga. Baada ya muda mfupi ulitokea mstari mweusi mwembamba, umeanzia chini kabisa ya bomba, umepanda upande wa nyuma, karibu sentimita 9. Ulianzia hasa pale ulipoishia mshono wa weldi ya zamani. Chini ya ekseli hiyo kulikuwa na kipande kifupi cha chuma cha pembe, kimechomelewa kuzunguka pande zote nne.

Dalili ya pili ilikuwa kwenye tairi. La kushoto lilikuwa limelika upande wa ndani, la kulia limelika kidogo tu. Tukaegesha gari pasipo na mteremko, tukaning'iniza timazi ya fundi muashi mbele ya rimu. Juu ya rimu ya kushoto palikuwa pameingia ndani kuliko chini kwa milimita 5 hivi. Ekseli ya nyuma ya gari kama hili haina marekebisho ya mwelekeo wa tairi. Tairi likilala, haozingi yenyewe ndiyo imepinda.

Mwenye gari alipofika mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Haya niambie, ni sili?"

"Siyo sili mama. Haozingi imepasuka. Kile chuma kilichochomelewa chini kiliwekwa lini?"

"Kabla ya msimu wa mahindi uliopita. Dereva alisema ekseli inalala, fundi mmoja akaiongezea nguvu. Sasa imepasukaje palepale palipoongezwa nguvu?"

Swali lake ndilo kisa chote, na linastahili jibu kamili, kwa sababu ekseli nyingi za pikapu hapa Tabora zimetiwa "nguvu" za namna ile.

Haozingi ya nyuma ni boriti. Tairi mbili zinaisukuma juu kwenye ncha, springi mbili zinaikandamiza chini ndani kidogo ya tairi. Benchi la mninga likikaliwa na watu katikati hupinda hivyohivyo: upande wa juu unabanwa, upande wa chini unavutwa. Chuma kikibanwa hakipasuki kirahisi. Kikivutwa na kuachiwa, kikavutwa na kuachiwa, kila shimo na kila tuta, kinachoka, na kinapochoka ufa unaanzia mahali penye kasoro. Ndiyo maana upande wa chini wa ekseli, hasa kuanzia springi hadi springi, ni mahali pa kuheshimiwa. Kila ukitaka kuweka weldi pale ujiulize mara mbili.

Sasa tazama kilichofanyika. Kipande kifupi kimewekwa chini, kikachomelewa mbele na nyuma, na pia kwenye ncha zake mbili. Mshono wa kwenye ncha unakata bomba kwa upana, yaani umelala kinyume na njia ya mvuto. Pale penye kile kipande ekseli imekuwa ngumu sana. Sentimita moja pembeni yake imebaki na unene wake wa mwanzo. Mvuto wote uliokuwa umesambaa sasa unakusanyika kwenye mstari mmoja, na mstari huo ndio ukingo wa weldi, ambapo moto umeshabadilisha chuma na rodi imeacha kibonde kidogo kando ya mshono. Aliyeweka kile chuma alikuwa na nia njema, na kwa hakika alizuia ekseli isipinde pale alipoweka. Alihamisha tatizo, akalisogeza kwenye ncha ya kazi yake.

Kuna na suala la mzigo. Hilux ya namna hii hubeba kama tani 1. Gunia kwa sheria halitakiwi kuzidi kilo 100, kwa hiyo gunia 10 zimeshaijaza. Lakini huko mashambani bado unakutana na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, na dereva anahesabu magunia, hahesabu kilo. Gunia 12 za lumbesa zinaweza kuwa tani moja na nusu bila mtu kujua. Tuseme ekseli ya nyuma, ukijumlisha na uzito wa gari lenyewe, inabeba kilo 1,800. Kila tairi inasukuma juu kwa kilo 900, na kama kutoka katikati ya tairi hadi springi ni sentimita 20, basi kila upande unapindwa kwa nguvu ya kilo 900 kwenye mkono wa sentimita 20, na hapo gari limesimama tu. Likidumbukia kwenye korongo likiwa mwendoni, nguvu hiyo inaweza kuzidi mara mbili. Nitaje hapahapa kwamba wanaoweka spesa ili tairi zitokeze nje wanaurefusha mkono huo kwa mikono yao wenyewe.

Yu-bolti za kushoto, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, nazo zilikuwa zimelegea, na jani la pili la springi limekatika. Springi iliyokatika inagonga badala ya kunesa, na yu-bolti zilizolegea zinaiacha haozingi icheze kwenye kiti chake. Ungeziba ufa na kuviacha hivyo viwili, ungekuwa umepoteza rodi.

Je, ilifaa kuchomelea au kutafuta haozingi nyingine? Haozingi ya mtumba inaweza kuagizwa Dar es Salaam ikaja kwa basi au treni, na kama ningekuta ufa kwenye ncha, karibu na pale beringi inapokaa, nisingeshika rodi. Ncha ile ni chuma tofauti, imechongwa kwa kipimo cha beringi, na moto ukiifikia beringi haikai tena inavyotakiwa. Vivyo hivyo kama nyufa zingekuwa zaidi ya moja au kama tairi lingekuwa limelala kiasi cha kuonekana kwa macho kutoka mbali. Hapa ufa uliokuwa umeonekana ulikuwa mmoja, kwenye bomba lenyewe, ambalo ni bamba la chuma laini lililokandamizwa na kuunganishwa kiwandani kwa weldi. Chuma hicho kinakubali kuchomelewa. Tulikubaliana na mama: tunatengeneza, kwa sharti kwamba haozingi inatoka kwenye gari.

Sharti hilo nalisisitiza kuliko jingine lolote. Kazi nyingi za ekseli zinafanyika fundi amelala chali chini ya gari, cheche zinamwangukia shingoni, anachomelea juu ya kichwa chake. Weldi ya namna hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, hata kwa mwenye mkono mzuri, na hapo ndipo tunapoiweka pale panapovutwa zaidi. Ukiishusha haozingi na kuigeuza juu chini, ufa unakutazama usoni, chuma kilichoyeyuka kinakaa mahali pake, na unaona unachofanya. Tena ndani ya haozingi iliyofungwa kuna mvuke wa oili. Difu na shafti zote mbili lazima zitoke, oili imwagwe, ndani pasafishwe. Wapo wanaosafishia petroli na kuwasha mashine dakika hiyohiyo. Hiyo ni hatari ya kifo. Dawa za kopo za kusafishia breki nazo, zile zenye klorini, zikikutana na moto wa weldi zinatoa gesi ya sumu. Sisi tulitumia maji ya moto na sabuni ya unga, tukaanika juani, tukamalizia kwa moto wa gesi mpaka chuma kikaacha kutoa moshi.

Kabla ya grainda kugusa chochote tulipima. Fundi wa mashine ya kuchonga alitutengenezea visahani viwili vinavyoingia kwa kubana kwenye makao ya beringi, kila kimoja kina tundu dogo katikati kabisa. Tukapitisha mshipi wa kuvulia samaki kutoka tundu hadi tundu, tukaukaza. Kwenye mdomo wa difu, mshipi ulipaswa kupita katikati. Ulikuwa umepanda kwa milimita 3. Tukaandika. Tukapima pia umbali kati ya uso wa flanji (bapa la kwenye ncha ya haozingi) na flanji, kwa mbele na kwa nyuma, tukaandika. Bila namba hizi huwezi kujua weldi yako imevuta wapi, maana weldi ikipoa inasinyaa, na inaposinyaa inavuta. Ukijaza upande wa chini, ncha zinavutwa chini. Ukijaza upande wa nyuma tu, ncha zinarudi nyuma na tairi zinaanza kutazama nje.

Kile chuma cha pembe kiliondolewa kwa grainda taratibu, bila kula bomba, na alama zake zikasawazishwa mpaka kidole kisikwame. Chini yake tulikuta ufa mwingine mdogo ukianza, mfupi kuliko ukucha. Huo ulikwisha kwa kusaga tu.

Ufa mkubwa tuliutoboa tundu la milimita 4 kwenye kila ncha, mbele kidogo ya pale chaki ilipoonyesha umeishia, ili usiendelee kukimbia mbele ya moto. Kisha tukauchimba kwa diski nyembamba, umbo la V, kufuata mstari wote. Bomba lilikuwa na unene wa kama milimita 6. Tulichimba mpaka ndani kabisa, tukaacha uwazi mdogo chini ya V ili mshono wa kwanza uzame na kushika pande zote mbili. Kufunika ufa kwa juu bila kuuchimba ni kuuficha tu. Unabaki palepale chini, na utapanda.

Kuhusu rodi, kule dukani ukisema rodi unapewa 6013, ile ya mageti na madirisha. Ni rodi nzuri kwa kazi yake. Kwa ekseli nataka 7018, ambayo mshono wake ni mgumu kuvunjika na unavumilia kuvutwa bila kupasuka. Namba mbili za kwanza zinaeleza nguvu ya mshono: 60 ni paundi 60,000 kwa inchi ya mraba, 70 ni 70,000. Lakini sababu kubwa zaidi ni haidrojeni. Ngozi ya 7018 imetengenezwa ili haidrojeni kidogo sana iingie kwenye chuma, na haidrojeni ndiyo inayopasua weldi baadaye, wakati umeshapaka rangi na kwenda nyumbani. Faida hiyo inapotea rodi ikinyonya unyevu. Pakiti iliyokaa wazi kibandani tangu masika haifai mpaka irudishwe kwenye oveni ya joto la kama nyuzi 350 kwa saa moja au mbili, na oveni ya namna hiyo si kila karakana inayo. Tulitafuta pakiti ambayo haijafunguliwa, tukaifungua siku ya kazi, tukazitumia zikiwa kavu.

Mashine ya weldi ilikuwa inverta, kishikio cha rodi kwenye chanya. Waya wa ethi tuliubana kwenye bomba lenyewe, jirani na ufa. Haozingi ilikuwa tupu, lakini mazoea hayo ni muhimu, kwa sababu umeme ukipita kwenye beringi unazichoma vidoti ambavyo utavisikia vikivuma barabarani baadaye. Tukapasha eneo joto kwa gesi mpaka tone la maji likachemka likigusa chuma. Mshono wa kwanza ulipigwa kwa rodi ya milimita 2.5, ampea kama 80. Ya kujazia ilikuwa milimita 3.2, ampea kama 115. Kila baada ya mshono gamba la rodi linagongwa lote na brashi inapita. Gamba likibaki katikati ya mishono miwili, umepanda mbegu ya ufa mpya. Juu ya mshono wa mwisho tulisaga mpaka ukalingana na bomba, na mikwaruzo ya diski tukailaza kwa urefu wa bomba, isikate kwa upana. Chaki na mafuta ya taa vikarudi. Hakuna mstari.

Kuimarisha ndiyo sehemu niliyoifikiria zaidi. Tungeweza kuacha hivyo, na kwa gari la kwenda kazini lenye watu wawili ningeacha. Gari hili linarudi kwenye magunia. Tulikata flatiba (chuma bapa) ya upana wa sentimita 5 na unene wa milimita 6, tukaipasha na kuigonga mpaka ikalala kwenye umbo la bomba bila pengo. Haikuishia kwenye springi. Ilianzia chini ya tumbo la difu, ikapita chini ya kiti cha springi, ikatokeza upande wa tairi kwa sentimita 8. Sababu ni hii: kati ya springi na springi ekseli inapindwa kwa nguvu ileile karibu kila mahali, lakini ukivuka springi kuelekea tairi nguvu hiyo inapungua hatua kwa hatua. Bamba likiishia huko, ncha yake inakaa mahali penye utulivu. Sahani ya chini ya yu-bolti ilibidi ichongwe mtaro ili bamba lipite, na tukaweka yu-bolti mpya ndefu kidogo. Upande wa kulia ulipata bamba lake vilevile, hata kama haukuwa na ufa, ili ekseli isiwe na upande mmoja mgumu na mwingine laini.

Ncha za bamba zilichongwa zikawa nyembamba kama jani la mwembe, na hatukuchomelea ncha kabisa. Mishono inatembea kwa urefu tu, kando mbili, na inakoma kabla ya ncha. Hakuna hata sentimita moja ya weldi inayokata bomba kwa upana. Tulichomelea vipande vya sentimita 4 au 5, kimoja mbele, kingine nyuma, kushoto, kisha kulia, na kuacha chuma kipoe mpaka kiganja kivumilie kabla ya kurudi. Inachukua siku nzima na mteja anachoka kusubiri. Ndiyo bei ya ekseli iliyonyooka. Kumwagia maji ili ipoe haraka hairuhusiwi, hata kama jua la Oktoba linawaka na kila mtu anataka kufunga kazi.

Mshipi uliporudishwa, tofauti ya milimita 3 ilikuwa imeshuka chini ya 1. Weldi ya chini, kwa kusinyaa kwake, ilikuwa imezivuta ncha kurudi zilikotoka. Hili si jambo la kubahatisha. Mafundi wa malori hunyoosha ekseli kwa makusudi kwa njia hiyo ya joto. Ila ukifanya bila kupima unaweza kuvuka kutoka kosa moja hadi jingine. Vipimo vya flanji mbele na nyuma vilibaki sawa. Shafti ziliingia kwenye meno ya difu kwa mkono, bila nyundo, na hicho ni kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Shafti inayohitaji nyundo kuingia itakula beringi na sili mpaka lini.

Ndani tulipitisha kitambaa kwenye waya mara nyingi, kikawa kinatoka na vitone vya chuma na unga wa gamba. Chembe moja ya hizo ikiingia kwenye beringi ya pinioni (gia ndogo ya difu), kazi yote ya nje haina maana. Tundu la pumzi ya difu lilikuwa limeziba udongo. Tulilizibua, maana oili ikipata moto bila pa kupumulia inatafuta njia kwenye sili nzima. Springi ikawekwa jani jipya, gasketi mpya, oili namba 90, breki zikatolewa upepo kwa sababu mabomba yake yanapita juu ya haozingi na yalikuwa yamefunguliwa. Ile fimbo inayounganisha ekseli na valvu ya breki inayosoma mzigo ilirudishwa mahali pake. Naomba mafundi wenzangu mwache kuifunga kwa waya. Bila hiyo breki za nyuma hazijui kama gari limebeba au liko tupu.

Mama alipokuja kuchukua gari, dereva akiwa amesimama pale, tulizungumza kuhusu magunia. Kumi, yaliyopimwa kwenye mzani, au machache kama ni lumbesa. Haozingi ya ekseli ya namna hii ikikatika barabarani, tairi linalala, bomba la breki linachanika, na breki za nyuma zinapotea zote wakati uleule unapozihitaji. Dereva alisikiliza. Mama akamwambia mbele yangu kwamba gunia la kumi na moja litapanda basi.

Yu-bolti zilikazwa upya baada ya safari za mwanzo zenye mzigo, kama inavyotakiwa kwa yu-bolti yoyote mpya. Gari limepita msimu wa mvua na barabara za mbuga, na kila likija kubadilishwa oili tunafuta bomba na kupaka chaki. Mpaka sasa kavu. Nimemwambia mama pia, na nimeiandika kwenye karatasi ya kazi, kwamba ufa ukirudi mahali palepale haozingi hiyo haichomelewi tena, anaagiza nyingine.